Ng'ombe wa Udongo kwa Mtemi

Taji la kwanza lililiwa na mbuzi.

Nilikuwa nimelikata mwenyewe kwa manila ya njano, nikalipaka gundi, nikalinyunyizia unga wa dhahabu nilioununua Kariakoo, kisha nikaliegesha dirishani kwenye Darasa la Tano likauke. Niliporudi kutoka kunywa chai nikamkuta beberu mweusi kapandisha miguu ya mbele ukutani, anatafuna bila papara, ndevu zinameta. Watoto kama ishirini walikuwa wamesimama wanamtazama. Hakuna aliyemfukuza. Nadhani walitaka kuona kama angelimaliza.

"Usikasirike, dada," akasema mzee mmoja aliyekuwa ameketi chini ya mti na tezo yake mapajani. "Mgeni akipita Ugogo hutoa hongo. Wewe yako imekuja kuchukuliwa mapema."

Nilicheka, lakini neno lilinikaa. Mimi ni mtu wa Bagamoyo, na karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka kwetu kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza nchi hii hii kavu, na kila ilipoingia kwenye nchi ya mtemi mwingine ilisimama kulipa hongo: vitambaa, shanga, nyaya. Asiyelipa hakupata maji, na kwenye uwanda huu kukosa maji ni kukosa safari. Leo ukilitamka neno hilo mjini mtu anafikiria TAKUKURU. Wakati ule ilikuwa ushuru halali wa mwenye visima.

Sikuwa nimefika Dodoma kabla ya hapo. Riziki yangu ni ukili. Nasuka mikeka, makawa na pochi, na mara mojamoja nafundisha watoto kusuka. Mwezi Mei rafiki yangu niliyesoma naye, sasa mwalimu kwenye shule moja ya msingi mbele ya Mvumi, alinipigia simu. Wazee wa kijiji chao walikuwa wameamua kufanya sherehe ya kumkalisha mtemi wao mpya kwenye kigoda, baada ya miaka mingi ya kiti hicho kuwa wazi, na wameiomba shule iandae mapambo. "Wewe una mikono," akaniambia. "Njoo wiki tatu Julai. Njoo na vitu vya kung'aa."

Basi nikabeba vya kung'aa.

Treni ya SGR iliondoka Dar es Salaam alfajiri. Nilikuwa nimejiandaa kuandika kila kituo, nikasinzia Ruvu na kuzinduka Morogoro. Baada ya Kilosa tukaanza kuingia na kutoka kwenye mahandaki, masikio yakaziba, mtoto wa kiti cha mbele akawa anahesabu giza kwa sauti. Tulipotoka upande wa pili nchi ilikuwa imevua nguo. Hakuna mnazi, hakuna mwembe mzito. Vichaka vya miiba, udongo mwekundu, na mibuyu iliyosimama peke yake bila jani. Mabua ya mtama yaliyokwishavunwa yalikuwa yamelala upande mmoja. Reli ya zamani, ile ya Wajerumani iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Dodoma mwaka 1910, ilijitokeza na kupotea pembeni yetu. Walichukua miaka mitano. Mimi nilikuwa nimemaliza safari kabla chai ya saa nne haijaisha tumboni.

Dodoma ilinipokea kwa upepo. Hakuna aliyeniambia kwamba Julai huko ni baridi. Mtu wa pwani akisikia "nchi kavu" anafikiria jua tu. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake wa asubuhi hauulizi umevaa nini. Nikanunua sweta la mtumba kabla sijanunua hata maji. Halafu zabibu, maana nilikuwa nimesikia habari zake tangu utotoni na kudhani ni maneno ya matangazo. Si maneno. Nilikula kilo nzima stendi, peke yangu, nikisubiri Hiace ijae.

Kuhusu mji wenyewe sina mengi: majengo ya serikali, barabara pana, vumbi, watu wenye mafaili. Mwaka 1973 ulitangazwa kuwa makao makuu ya nchi, na kwa miaka mingi tangazo likabaki tangazo. Jina lake, ambalo wenyeji hulitamka Idodomya, linasimuliwa kwamba lilitokana na tembo aliyedidimia kwenye tope akifuata maji. Niliamini mara moja. Hapa hata tembo angehatarisha maisha kwa dimbwi.

Tulipofika kijijini jioni, wanawake watatu waliokuwa wakitoka kisimani waliniambia, "Mbukwenyi!" Nikageuka nyuma kumtafuta huyo anayeitwa. Rafiki yangu alicheka mpaka akaegemea ukuta wa tembe, zile nyumba za udongo zenye paa bapa ambazo sasa zimebaki chache kati ya mabati. "Unasalimiwa, mwenzangu. Itikia mbukwa."

*

Sasa nieleze habari ya mtemi, maana msomaji wa pwani anaweza kudhani nilikwenda ikulu.

Ugogo haukuwahi kuwa na mfalme mmoja. Ulikuwa nchi nyingi ndogondogo, kila moja na mtemi wake, na kazi yake kubwa haikuwa vita wala kodi bali mvua: kuiombea nchi, kuruhusu watu waanze kupanda, kusimamia matambiko. Mahali panapopata kwa kawaida chini ya milimita 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kazi hiyo si ndogo. Wazee bado wanaitaja Mtunya, njaa kuu iliyoanza mwaka 1917 baada ya majeshi ya Vita Kuu kukomba ng'ombe, nafaka na wapagazi. Waingereza walipoleta utawala wa kupitia watemi miaka ya 1920, baadhi ya watemi wakakua kuliko nchi zao. Anayejulikana kuliko wote ni Mazengo wa Mvumi. Sekondari moja ya Dodoma ilipewa jina lake, na majengo yake tangu 2007 ni ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikayafuta madaraka ya machifu nchi nzima. Waliambiwa tu kwamba kuanzia sasa wao ni wananchi kama wengine.

Kisha Septemba 2021, kule Kisesa, Magu, Wasukuma wakamsimika Rais Samia kuwa Chifu Hangaya. Tangu siku ile, rafiki yangu anasema, wazee walioficha usinga kwenye sanduku wameutoa.

Si kila mtu alifurahi. Jioni ya pili kulikuwa na kikao cha wazazi na baba mmoja akasimama akiwa na swali lililonyooka: watemi walishaondolewa na sheria, sasa kwa nini watoto wanaacha hesabu kumtengenezea mtu kiti? Mwalimu mkuu akajibu kwamba kazi hizo zinaingia kwenye somo la Sanaa na Michezo, na kwamba hakuna atakayekosa kipindi cha hesabu. Jibu la kiofisi. Mimi moyoni nilikuwa nusu upande wa yule baba. Nimeona sherehe nyingi ambazo mtoto ni pambo: anasimamishwa juani saa nne, anapeperusha kitu, anarudi nyumbani na njaa.

Aliyenigeuza ni yule mzee wa tezo. Watoto walimwita babu, nami nikafuata. Alikuwa fundi wa vigoda, amevuka miaka themanini, na asubuhi iliyofuata mkasa wa beberu aliniita niketi karibu naye. Akataka kujua taji lilikuwa la nani.

"La mtemi, babu."

"Mtemi wetu hajawahi kuvaa taji. Hapa mwenye kilemba chekundu kichwani ni jogoo." Akachonga kidogo. "Mimi nimeshatengeneza vitu vya karatasi kwa ajili ya mfalme. Mara moja. Mwaka 1953."

Alikuwa mwanafunzi mdogo shule ya misheni. Mwalimu aliwaambia Juni kuna malkia anavikwa taji Uingereza, kwa hiyo kila mtoto atengeneze bendera ya karatasi. Walibandika kwa uji wa unga. Siku yenyewe walipanga mstari, wakaimba kwa lugha wasiyoielewa, wakapewa sukari. Njiani kurudi walizitupa bendera, mbuzi wakala. "Malkia alikuja nchi hii baadaye, Nyerere yupo. Nilisikia redioni. Hapa hakufika."

Ni kweli: Elizabeth alizuru Tanzania Julai 1979. Na mbuzi wa kijiji hicho, nikaona, wana historia ndefu na karatasi za kifalme.

Nikayafungasha manila yangu yote chini ya kitanda. Nikamuuliza babu, mtemi anahitaji nini basi? Akahesabu kwa vidole vitatu: pa kukalia, sauti ya kumkaribisha, na ng'ombe. "Hivyo viwili watoto wanaweza. Hicho cha tatu hawawezi, lakini watafanya."

*

Kigoda cha Kigogo huchongwa kwenye kipande kimoja cha mti, miguu mitatu, bila msumari wala gundi. Nilimuuliza kwa nini mitatu. Akachukua kiti cha plastiki cha mwalimu mkuu, akakiweka kwenye ardhi ile ya mawemawe, kikayumba. Akaweka kigoda chake, kikatulia. Hakuongeza neno. Kuna wanaosema hata jina la Wagogo lilitoka kwa Wanyamwezi wa misafara waliozoea kupumzika kwenye magogo ya huko. Babu aliipenda hadithi hiyo kwa sababu za kikazi.

Kuchonga alichonga yeye. Watoto wa Darasa la Saba walipokezana tezo kwa zamu fupi, naye mkono wake ukiwa juu ya mkono wa mtoto. Wadogo walipewa kusugua kwa majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa paka, na mwishoni kupaka samli. Ilichukua siku tisa. Siku ya sita mti ulionyesha ufa mwembamba pembeni, na babu hakuuziba. Alisema mtemi mwenyewe naye ana ufa.

Sauti ilikuwa kazi ya wavulana watatu na msichana mmoja wa Darasa la Sita waliokuwa tayari wanajua kupiga. Hapa nilijiona mjuaji kidogo. Bagamoyo tulikua tukisikia zeze na ilimba za Hukwe Zawose, mwana wa uwanda huu aliyehamia kwetu na kuipeleka sauti ya Wagogo duniani kabla hajafariki mwaka 2003. Lakini kusikia si kutengeneza. Ilimba ni kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma. Watoto walivipata kwa kuponda spoku za baiskeli juu ya jiwe mpaka ncha ikawa bapa. Zeze walilitengeneza kwa kibuyu, na pale vibuyu vilipokwisha, kwa makopo ya rangi, ngozi ya mbuzi ikiwambwa mdomoni. (Si yule beberu. Niliuliza.)

Kilichonishangaza ni buibui. Kisanduku cha ilimba kina tundu dogo, na tundu hilo hufunikwa kwa ule utando mweupe, laini kama karatasi ya sigara, ambao buibui wa ukutani hufunikia mayai yake. Basi darasa zima lilitumwa kwenye kuta za maghala na vyoo vya zamani kutafuta nyumba za buibui, wakarudi kila mmoja amebeba kipande kwenye kiganja kilichofumbatwa nusu, wanatembea kama wamebeba maji. Utando ukibandikwa, chuma kikipigwa, sauti inatoka na mkwaruzo, inakoroma, inanung'unika. Ukiutoa, inabaki ya bati tupu. Nilipiga na kutoa na kupiga tena mpaka msichana yule akaninyang'anya kwa adabu: "Dada, utauchana."

Si kwamba sanaa hii ilikuwa imekufa ikasubiri mgeni. Huko Chamwino kuna tamasha la muziki wa Wagogo lililoanzishwa na Kedmon Mapana mwaka 2009, na vikundi vya watoto hupanda jukwaani humo na ngoma na njuga. Wengine wa shule hii walishawahi kwenda. Walikuwa wanajua kuliko nilivyodhani, na mara nyingi kuliko walimu wao, ambao wengi wametoka mikoa mingine.

Ngonjera nayo haikukosa. Nchi hii ndiyo iliyomzaa Mathias Mnyampala, aliyeandika historia na mila za Wagogo na kuzifanya ngonjera ziimbwe shule zote nilizopitia. Ya watoto hawa ilikuwa na mtemi mmoja, mkuu wa wilaya mmoja na mvua. Mvua ilikuwa mtoto wa Darasa la Pili aliyekataa kusema maneno yake. Wakaamua kwamba inafaa.

*

Lakini ng'ombe ndio waliochukua wiki.

Watoto wa wafugaji hawafundishwi kufinyanga ng'ombe. Huko machungani wanafanya tangu wakiwa na miaka minne. Babu aliwaambia kitu kimoja tu: kila mtu alete ng'ombe wa kwao, si ng'ombe tu. Udongo ulichimbwa kwenye kichuguu, ukatwangwa, ukalowekwa. Halafu kimya. Mimi nilizoea watoto wa mjini wanaouliza kila dakika kama wamepatia. Hawa hawakuniuliza chochote. Waliinama, ndimi nje, wanakumbuka.

Kulikuwa na jike la pembe zinazotazamana, dume la nundu iliyolegea, ndama aliyelala. Msichana mmoja aliunda jike zuri lenye pembe mbili kisha akaivunja moja kwa makusudi, kwa sababu ya kwao ilivunjikia kwenye boma. Weusi waliupata kwa masizi, weupe kwa majivu, wekundu ulikuwa umejaa miguuni mwetu. Nilijifunza kwamba "wa madoa" si jibu. Madoa ya wapi? Ubavuni au shingoni? Yameungana?

Kijana mmoja wa Darasa la Nne alikaa na bonge lake bila kuligusa. Nikamsogelea. Kwao hakuna ng'ombe, akasema, kuna punda. Sikujua nimwambie nini. Nilikuwa karibu kumwambia atengeneze ng'ombe wa jirani, na ninashukuru nilichelewa, maana babu alikuwa amesikia.

"Tengeneza punda. Maji ya mtemi unafikiri yataletwa na nani?"

Kosa la kuchoma lilikuwa langu. Wao walitaka wasubiri siku mbili zaidi. Mimi, kwa kuogopa tarehe, nikasema vimekauka. Tukavifunika kwa samadi kavu, tukawasha jioni. Usiku tukasikia milio midogo, pa, pa, kama bisi. Asubuhi kati ya vinyago 106, vilivyopasuka vilikuwa 11. Hakuna aliyenilaumu. Waliopoteza waliokota vipande, wakaenda kichuguuni wakaanza upya, na safari hii wakaniambia wazi kwamba watachoma wenyewe.

Siku ya sherehe nilimtarajia mtu mkubwa. Mtemi alikuja kwa bodaboda. Mzee mwembamba mwenye koti la suti, mgolole mweusi juu yake, na viatu vya wazi vya matairi. Alimlipa dereva, wakabishana kidogo kuhusu chenji, kisha akanyoosha mgolole na kusubiri aitwe. Wanawake wa ngoma ya muheme wakabana ngoma zao mapajani, zikalia, na ule mkwaruzo wa ilimba ukapita chini yake kama mtu anayezungumza peke yake. Wazee walifanya mambo yao, mengine kwenye kichaka ambako wageni hawakualikwa, na wala sikuomba. Akarudi, akakalishwa kwenye kigoda. Alikaa upande usio na ufa.

Ng'ombe walikuwa wamepangwa uwanjani kwa safu, na punda mbele. Kwenye ratiba mtemi alipewa dakika tano kukagua. Alitumia saa moja na nusu. Alipiga magoti kwenye vumbi, mgolole na yote, akaokota mmoja mmoja na kumwita mwenye ng'ombe huyo. Huyu anakamuliwa? Alinunuliwa mnada gani? Kwa nini huyu ana pembe moja? Mkuu wa itifaki, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alitazama saa yake mara nyingi. Nilimwona pia yule baba wa kwenye kikao, amesimama nyuma, mikono nyuma ya mgongo. Mwanawe alipoulizwa jina la dume lao akasahau, naye akalitaja kwa sauti kutoka kule nyuma.

Mwisho mtemi akasema kundi ni zuri lakini yeye hana mchungaji, kwa hiyo libaki shuleni. Watoto walikubali, isipokuwa mwenye punda. Alikuwa ameshamtia mfukoni.

Ng'ombe hao sasa wako juu ya kabati la Darasa la Tano, ambako mbuzi hawafiki. Shule ina tezo moja, ya babu, na patasi hakuna. Ukialikwa nawe, achana na manila. Nunua patasi mbili na msasa wa kutosha, na begi lako ulifunge zipu. Yule beberu bado yupo.